Picha ndefu ya marinda: kwa nini panorama inapinda, na jinsi ya kuiprinti nyumbani ikanyooka

Shangazi yangu anakaa Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya 12, na zile nyumba za ng'ambo ya barabara, kuanzia yenye genge la mkaa mpaka ile ya kona yenye mlango wa bluu, amezitazama toka barazani kwake zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana nikasikia moja itabomolewa, nikasema kabla safu haijabadilika ngoja niipige yote kwa pamoja, nikasimama pale pale barazani anapokaa yeye na cherehani yake, nikawasha panorama kwenye simu, ile ya kupiga picha ndefu ya mandhari kwa kuzungusha simu, nikazungusha taratibu kutoka kushoto mpaka kulia. Kwenye simu ilitoka kama utepe, ukiikuza unaona vizuri lakini unaona nyumba moja tu, ukiirudisha unaiona yote lakini ni mstari. Nikaenda kuiprinti kwenye A4. Ukatoka ukanda wa sentimita 29 kwa 7, juu na chini karatasi nyeupe tupu, na mapaa ya nyumba yamejibinua, katikati yamepanda na pembeni yameshuka. Shangazi akavaa miwani, akaishika, akaitazama sana. "Mwanangu, mbona mtaa umepinda? Huu mtaa umenyooka kama rula."

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu nimelipata baadae, na nikagundua kwamba ukishalielewa ndio unaelewa pia kwa nini picha ndefu inatakiwa ikunjwe marinda badala ya kubandikwa ukutani ikiwa bapa. Watu wengi wanadhani mikunjo ni urembo, au ni njia ya kupunguza ukubwa iingie kwenye droo. Mikunjo ni sehemu ya picha yenyewe, ngoja nieleze.

Picha ya kawaida simu inaipiga ikiwa imetulia inaangalia mbele. Panorama ni tofauti, simu inazunguka, kwa hiyo kila kipembe cha picha kimepigwa simu ikiwa imekiangalia hicho kipembe uso kwa uso. Fikiria umesimama katikati ya pipa kubwa la mafuta, lile la bati, na kila unachokiona nje unakichora kwenye ukuta wa ndani wa pipa pale pale kinapoonekana. Ukimaliza, fundi analipasua pipa kwa tindo, analigonga mpaka linakua bati bapa. Hiyo bati bapa ndio panorama unayoiona kwenye simu. Ni duara lililokunjuliwa, na mistari iliyokua imenyooka ukiwa ndani ya pipa, kwenye bati bapa inakua upinde.

Kwa nini upinde hasa? Chukua mfano wa mtaa wa shangazi. Nyumba iliyo mbele yangu moja kwa moja iko kama mita 10. Nikigeuka nyuzi 60 kushoto naitazama nyumba ya mwisho wa picha, lakini hiyo haiko mita 10 tena, kwa mshazari ni mita 20. Iko mbali mara mbili, kwa hiyo inaonekana nusu ya kimo. Na kulia hivyo hivyo. Kwahiyo paa moja lenye kimo kile kile linaanza dogo kushoto, linakua kubwa katikati, linarudi dogo kulia. Macho yetu yanaona hilo hilo kila siku ila hatushtuki kwa sababu tunageuza shingo, na tunapogeuza shingo akili inajua kwamba ule upande uko mbali. Karatasi bapa inaondoa kugeuza shingo, ndio mana mtaa unaonekana umebinuka.

Na hili sio jambo la simu za leo. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker, aliyekua anaishi Edinburgh, alichukua hataza, yani haki ya mvumbuzi, ya namna ya kuchora mandhari ya pande zote, na mwaka 1793 akafungua London jengo la duara, watu wanaingia wanasimama katikati, mchoro umewazunguka. Hakuutundika bapa. Neno lenyewe panorama limeundwa kutoka maneno ya Kigiriki, maana yake kuona vyote. Yani tangu mwanzo hii ni picha ya kusimama katikati yake, na sisi tunaitoa katikati tunaiweka kwenye kioo cha simu alafu tunashangaa.

Basi dawa ni kuirudishia pipa lake. Na huwezi kukaa na pipa mezani, lakini unaweza kukaa na karatasi yenye mikunjo inayosimama yenyewe na kujipinda ikakuzunguka kidogo, ukimaliza unaifunga inakua kitabu cha saizi ya kiganja. Wengine wanaita mkunjo wa kodiani, kama kile kinanda cha kuvuta cha kwenye taarabu, ila kwangu mimi ni marinda, kwa sababu aliyenifundisha kukunja ni shangazi mwenyewe, fundi wa sare za shule, na yeye hana neno lingine. Kwahiyo humu kila kipande kati ya mkunjo na mkunjo nitakiita rinda.

Tuanze na kupiga, nitapita haraka kidogo. Simu ishike wima. Usizungushe mkono kama unafagia hewa, zunguka wewe kwa miguu na simu ibaki pale pale ilipo kama vile imetundikwa kwenye kamba kutoka juu, kwa sababu lenzi ikihama kutoka sehemu yake vitu vya karibu vinahama kuliko vya mbali na simu inashindwa kuviunganisha, unaona nguzo ya baraza imekatika viuno viwili. Kama kuna kitu chini ya mita mbili kutoka kwako kisogeze au sogea wewe. Kabla ya kuanza, gusa kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, na ujifungie kwenye sehemu yenye mwanga wa kati, sio angani wala sio kivulini, ukiuacha huru upande wa jua utakua mweupe na upande mwingine rangi itabadilika. Bodaboda akipita wakati unazunguka atatoka amevutwa kama mpira au amefinywa, subiri apite. Na jipime umezunguka kiasi gani: fikiria umesimama katikati ya uso wa saa ya ukutani, namba 12 iko mbele yako, ukianzia namba 10 ukaishia namba 2 umezunguka nyuzi 120. Kumbuka hiyo namba, tutairudia.

Sasa hesabu. Hapa ndipo watu wengi wanapoachia njiani na kumbe ni kugawanya tu. Picha yangu baada ya kukata ncha zilizochafuka ilibaki pikseli (yale madoa madogo yanayounda picha) 11,400 kwa 2,700. Niliamua iwe na urefu wa sentimita 57 na kimo sentimita 13.5. Gawanya 11,400 kwa 57, unapata pikseli 200 kwenye kila sentimita. Picha ya kushika mkononi ikiwa na pikseli 118 kwa sentimita inatosha kabisa, hicho ndicho kipimo mafundi wa printa wanachokiita 300 kwa inchi, na hata 80 bado inavumilika. Lakini nikutahadharishe kitu kimoja ambacho kinaharibu kazi za watu kila siku: usiitume picha kwa WhatsApp kama picha. Inapunguzwa. Ikishuka mpaka pikseli 1,600, ukigawanya kwa 57 unabaki na 28 kwa sentimita, na 28 ni ukungu, utaona miraba miraba. Itume kama dokumenti, au iweke kwenye fleshi.

Kwa nini 57 na 13.5? Kwa sababu ya karatasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza na ndipo siri ilipo.

Karatasi ina uzi. Kama kitambaa, kama ukili, na kwa mtu wa Tanga mfano mzuri zaidi ni jani la mkonge. Jani la mkonge nyuzi zake zote zimelala kwa urefu, ukilipasua kwa urefu linafunguka taratibu, ukijaribu kulivunja kwa upana linagoma na linatoa manyoya. Karatasi inatengenezwa kwa rojo la nyuzi za miti linalomwagwa juu ya mashine inayokimbia, na nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo wa mashine. Ukikunja kufuata uzi mkunjo unakua safi kama makali ya wembe. Ukikunja kukata uzi, nyuzi zinavunjika, mkunjo unakua na manyoya, wino unapasuka na mstari mweupe unatokea, na karatasi inataka kurudi kama ilivyokua.

Namna ya kujua uzi umelala wapi: shika karatasi, ikunje kidogo bila kuibana, sukuma kwa kiganja uone inavyobishana, alafu igeuze ufanye hivyo hivyo upande wa pili. Upande ambao haikubishia sana ndio mkunjo unaofuata uzi. Kama bado una shaka kata kipande kidogo, kilowanishe upande mmoja, kitajikunja chenyewe kama bomba, na hilo bomba limelala sawa na uzi.

Karatasi nyingi za A4 uzi umelala kwa urefu, yani kufuata ule upande wa sentimita 29.7. Sasa angalia mtego. Mtu akitaka kuprinti picha ndefu anafanya nini? Anailaza A4, picha inakaa kwa ule upande mrefu, alafu anakunja mikunjo ya kusimama. Mikunjo yote inakata uzi! Ndicho nilichofanya. Mikunjo yangu ya kwanza ilikua kama mgongo wa kitana.

Na kuna wanaosema nunua karatasi ya roli, au zile printa za wino wa tenki, baadhi yake zinapokea karatasi ndefu mpaka sentimita 120, kwa hiyo printi yote kwa mkupuo mmoja bila kiungo. Inavutia, lakini karatasi ya roli uzi wake unafuata urefu wa roli, kwa hiyo mikunjo yako yote inaukata tena, na juu ya hapo roli ina tabia ya kujikunja yenyewe na kwenye hewa yetu ya pwani haiachi. Mimi naona vipande vilivyounganishwa vizuri ni bora kuliko mkanda mmoja unaogoma kukunjika. Mpiga picha Eadweard Muybridge mwaka 1878 alipiga San Francisco yote kwa mzunguko mzima, sahani 13 za kioo, picha zikaunganishwa zaidi ya mita 5 na kukunjwa, na kila sahani ikawa rinda lake. Alikua hana njia nyingine, lakini kuna akili pale: kiungo kikikaa kwenye mkunjo jicho halikioni, kwa sababu jicho lilishategemea kuona mstari pale.

Kwahiyo suluhisho langu ni hili. A4 isimame wima. Uzi unasimama, na mikunjo itasimama, vinakubaliana. Lakini ikisimama upana ni sentimita 21 tu, kwa hiyo picha inagawanywa vipande, na kwenye A4 moja vinakaa vipande viwili, kimoja juu kimoja chini. Nusu ya 29.7 ni kama 14.8, ukitoa ukingo ambao printa haifiki, kama milimita 3, na nafasi ya kupitisha wembe, unabaki na kimo cha 13.5 bila kubanana. Upana, katika hizo 21 nimechukua 19 za picha, yani marinda mawili ya sentimita 9.5, na sentimita 1 ya ulimi wa kuunganishia. Vipande vitatu mara 19 ndio 57. Marinda sita.

Ulimi usiuache mweupe. Hili halinitoki akilini kwa sababu nakala ya kwanza niliyounganisha ilikua na vistari vyeupe kama meno. Ulimi uprinti mwanzo wa kipande kinachofuata. Kwa picha yangu ya pikseli 200 kwa sentimita, kipande cha kwanza kinaanza 0 mpaka 4,000, cha pili kinaanza 3,800 mpaka 7,800, cha tatu 7,600 mpaka 11,400. Umeona, zile 200 za mwisho zinarudiwa. Ikitokea umeunganisha ukakosea nusu milimita, pale kwenye mwanya inaonekana picha ile ile na sio weupe. Kukata hivi unatumia programu ya GIMP, ni ya bure, unaweka mistari ya kupimia unakata. Na kabla hujakata hakikisha picha haijalala upande. Ikiinama nyuzi moja tu, kwenye sentimita 57 ncha moja inakua juu ya nyingine kwa sentimita 1 nzima, barabara itaonekana inapanda mlima, na Ngamiani hakuna mlima.

Angalia pia mikunjo itaangukia wapi. Marinda ya 9.5 yanajulikana mapema, kwa hiyo chora mistari juu ya picha uone kama kuna uso wa mtu unakatwa. Mimi nilikua na mzee ameketi kwenye kiti, mkunjo ulimpita katikati ya kichwa, nikasogeza picha yote pikseli 250 ukapita ubavuni kwake kwenye ukuta. Ukuta hauna neno.

Kuprinti. Printa ya leza, zile za fotokopi ya rangi zilizo kwenye steshenari nyingi, unga wake ni kama plastiki iliyoyeyushwa ikakaa juu ya karatasi, ukikunja inapasuka na kumeguka. Printa ya wino wa maji wino unaingia ndani ya nyuzi, mkunjo unatoka na rangi yake. Kwa sababu hiyo hiyo karatasi ya picha inayong'aa usiitumie, ile ngozi ya juu inayong'aa inavunjika kwenye mkunjo kama ganda la yai. Tumia isiyong'aa ya gramu 120 mpaka 180 (uzito wa mita moja ya mraba). Ya gramu 80 ya kawaida ni laini mno haisimami, ila nzuri sana kwa majaribio na nakushauri ya kwanza kabisa uifanye kwa hiyo.

Ukipeleka kwa mtu akuprintie simama karibu nae. Mimi nilipeleka faili steshenari moja, kijana akabonyeza ile sehemu ya kutosheza ukurasa, vipande vikatoka vimepungua kidogo, na kingine alikiprinti peke yake bila kukitosheza, nikafika nyumbani vimo havilingani, mstari wa paa unaruka kwenye kiungo. Sema saizi halisi, asilimia 100. Na sema pia azime ile ya kuboresha rangi yenyewe, kwa sababu printa inaangalia kila ukurasa peke yake, ukurasa wenye anga nyingi inaupa giza na wenye kivuli inaupa mwanga, ukiviunganisha mtaa mmoja unakua na saa mbili tofauti. Vipande vyote vya nakala moja viprintiwe siku moja, karatasi ya pakiti moja.

Alafu viache vikauke mpaka kesho. Hapa pwani karatasi inakunywa unyevu, na ikinywa inatanuka zaidi kwa upana wa uzi kuliko kwa urefu wake, ukikimbilia gundi wakati kipande kimoja kimekaa kwenye feni na kingine kimekaa dirishani vitapishana. Vilale pamoja.

Sasa marinda yenyewe. Nilimpelekea shangazi vipande, nimeshika rula ya plastiki naweka alama ya 9.5, nahamisha rula naweka 9.5 nyingine. Akanishika mkono. "Usihamishe rula, mwanangu. Ukihamisha unahamisha na makosa." Akaweka futi yake mwanzo wa karatasi, hakuitoa mpaka alama zote zimekaa: 9.5, 19. Kwenye sketi, anasema, ukipima rinda kutoka kwenye rinda, ukikosea uzi mmoja mara marinda thelathini kiuno hakifungi. Kwenye karatasi ni hivyo hivyo, kila alama ipimwe kutoka sifuri.

Mikunjo iko ya aina mbili. Bonde, ambapo picha inaangaliana yenyewe kwa yenyewe, na mlima, ambapo migongo ya karatasi ndio inaangaliana. Vinapishana: bonde, mlima, bonde, mlima, bonde. Ukianza na bonde na marinda yakiwa ya namba shufwa, yani inayogawika kwa mbili, picha yote inafungwa ndani na migongo miwili inabaki nje kwa ajili ya jalada. Yakiwa witiri, yani yasiyogawika kwa mbili, rinda la mwisho linabaki uso nje, linachubuka. Ndio mana nilichagua sita.

Usikunje kwa vidole tu. Tafuta peni ya bik iliyoisha wino na rula ya chuma, pitisha mara moja kwa nguvu ya wastani upate mfereji. Mfereji unatakiwa ubaki upande wa nje wa mkunjo, yani kwa bonde unachora mgongoni, kwa mlima unachora upande wa picha, na upande wa picha weka kwanza karatasi nyembamba juu yake peni isikwaruze wino. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakunjia ndani ya mfereji, na karatasi nene ikikunjiwa ndani ya mfereji nyuzi za nje zinavutwa sana zinakatika. Ukishakunja pitisha mgongo wa kijiko. Kijiko cha chai kinatosha.

Katika kipande cha sentimita 19, katikati pale 9.5 ni bonde. Mwisho pale 19, ulimi unapoanzia, ni mlima. Pale ndipo kipande kinachofuata kinakaa: kata ukingo wake wa kushoto kwa wembe na rula, picha inapoanzia tu, paka ulimi gundi nyeupe nyembamba sana kwa kipande cha manila badala ya kidole, laza kipande cha pili juu, ukingo wake uguse mstari wa 19 wala usiupite. Gundi nyingi inalowanisha karatasi inaleta mawimbi, na mawimbi hayaondoki. Ya unga wa ngano inashika vizuri, shuleni tuliitumia wote, ila mende wanaipenda na mimi siwezi kuwaachia mende picha ya mtaa. Weka vitabu juu, subiri masaa mawili.

Jalada ni rahisi. Gamba la kauntabuku la zamani, vipande viwili vya 9.9 kwa 13.9, vivishe kitambaa, mimi niliomba kipande cha kanga kwenye mabaki ya shangazi. Gundisha kwenye migongo miwili ya nje, alafu chini ya vitabu usiku mzima kwa sababu gamba likilowa upande mmoja linajikunja. Funga kwa uzi wa katani.

Sasa turudi kwenye pipa. Picha yangu ni nyuzi 120 na urefu wake sentimita 57. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, mara tatu ya hapo, kwa hiyo pipa zima lingekua na mzunguko wa sentimita 171. Gawanya kwa 6.28 unapata 27. Maana yake jicho likikaa sentimita 27 kutoka kwenye picha, na picha ikiwa imepinda sehemu ya duara hilo, kila nyumba inarudi mahali pake. Na marinda sita yanafanya hivyo vizuri ajabu: ile milima miwili unainyoosha kabisa iwe bapa, yale mabonde matatu unayakunja kila moja nyuzi 40, tatu mara 40 ni 120. Picha inasimama yenyewe mezani, imekumbatia mbele yako. Kama picha yako umezunguka zaidi, tuseme nyuzi 180, ukiifanya ya sentimita 57 jicho linatakiwa likae sentimita 18, ni karibu mno hakuna anayeona, kwa hiyo ongeza vipande, iwe marinda kumi, sentimita 95, jicho linarudi kwenye 30. Hapo unaona kwamba urefu wa picha haukisiwi, unatoka kwenye umbali wa macho ya atakayeitazama.

Niliisimamisha juu ya meza ya cherehani, jioni, nikampa shangazi miwani yake ya kusomea kwa sababu 27 ni karibu. Nikamwambia afunge jicho moja, apeleke uso katikati, alafu ageuze jicho taratibu kuanzia kwenye mkaa. Alinyamaza. Aliinua uso akaangalia barabarani, akarudi kwenye karatasi, akainua tena. Kwa kidole akafuata paa, kutoka genge la mkaa, mzee wa kiti, nyumba iliyokua imeshabomolewa ambayo sasa nje palikua na mchanga na nondo tu, mpaka mlango wa bluu.

"Sasa huu ndio mtaa," akasema, kisha akauliza kama naweza kutengeneza mwingine ampelekee dada yake Muheza. Vipande vitatu ni karatasi moja na nusu, kwa hiyo nakala mbili ni karatasi tatu za A4, hakibaki kitu.